Miaka 10 Baada ya Gauni: Saa Zote Zilianza Kuhesabu, Isipokuwa ya Kazi

Kila msee aliyepitia chuo ako na ile grupu ya darasa kwa WhatsApp. Iliundwa mkiwa mwaka wa tatu, ya kutumiana noti na kuulizana kama leki ametokea. Siku hizi imenyamaza kama kanisa Jumatatu asubuhi. Inaamka tu kukiwa na matanga, mchango wa bili ya hospitali, ama jamaa mmoja akiweka picha ya nyumba yake imefika lenta. Hapo utaona "hongera bro" arobaini zimefuatana, halafu kimya tena. Na kila mwaka kuna watu wawili watatu wanatoka bila kusema neno.

Watu hudhani hao wanaotoka wako na madharau, ati wameomoka hawataki wasoto. Mara nyingi ni kinyume. Ni watu wamechoka kuhesabiwa.

Sasa leo tuongee kuhusu hiyo hesabu. Wale walivaa gauni mwaka wa 2015 wamepitisha miaka 10 nje ya chuo. Wengi wako na miaka 33, 34, 35 hivi. Kwa kipimo cha wazazi wetu, mtu wa umri huo mambo yake yanafaa kuwa yamekaa: kazi ako nayo, bibi ama bwana ako naye, watoto wawili watatu, ploti Kitengela ama Ruiru, na bado anasomesha mtoto wa ndugu yake. Kwa graundi vitu ni tofauti. Na usikubali ile stori ya jaba ati kizazi hiki ni kivivu na kinapenda raha. Siku ya gauni saa nyingi zilianza kutembea pamoja: ya HELB, ya ushago, ya mwili. Saa moja tu ilikataa kuanza, na ni ile ya mwajiri.

Mimi mwenyewe gauni sikuvaa, niliachia njiani, kwa hivyo hakuna digrii yangu natetea hapa. Lakini mabeshte wangu wengi wako ndani ya hii stori, na wengine nimelala kwa bedsita zao.

Anza na saa ya HELB, kwa sababu hiyo iko kwa sheria kabisa. Sheria ya HELB ni ya 1995, na inakupa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, halafu uanze kulipa. Soma hapo tena. Ni baada ya kumaliza masomo, haijasema baada ya kupata kazi. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na hiyo kusema ukweli si mbaya ukilinganisha na zile app za mikopo kwa simu. Shida iko kwa faini. Ukikaa bila kulipa, ni 5,000 kila mwezi.

Wacha tupige hesabu. Tuseme ulichukua 40,000 kila mwaka kwa miaka minne. Hiyo ni 160,000. Ukitarmaki miaka mitatu baada ya ule mwaka wa neema, faini peke yake ni 180,000. Yaani faini imepita mkopo wenyewe, na hapo hatujagusa riba. Mara kwa mara HELB hutangaza msamaha wa faini kwa atakayelipa deni lake lote mara moja. Sawa, lakini ni nani ako na hiyo doh ya kulipa mara moja? Ni yule tayari anafanya kazi. Anayesota anaendelea kukatwa na kalenda.

Na kwa miaka mingi, ukienda kuomba kazi ya serikali unaambiwa ulete mafaili: cheti cha tabia njema kutoka kwa DCI, karatasi ya KRA, ya CRB, ya EACC, na ya HELB. Yaani unaombwa karatasi ya kuonyesha uko sawa na mdai wako, ndio upate kazi ya kukuwezesha kumlipa mdai wako. Manze, ata Kafka hangetunga hii.

Sasa mbona mbuyu wako hakupitia haya? Hakuwa mjanja kukushinda. Alikuwa na bahati ya tarehe. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 1970, na hadi Moi ianzishwe 1984 hakukuwa na kingine cha umma. Wasomi walikuwa wachache, na serikali iliwahitaji. Ukisomea ualimu, TSC ilikuwa inakutuma shule, hakuna kubisha mlango wa mtu. Ukiona mzee wa miaka 70 anashangaa ati digrii haipei mtu kazi, hadanganyi. Kwake ilimpea kweli.

Halafu miaka ya tisini ikaja. Benki ya Dunia na IMF walikuwa wamebana serikali ipunguze matumizi. Mwaka wa 1995 HELB ikaundwa, kusoma kukawa ni kwa deni la kufuatwa. Mwaka wa 1998 serikali ikasimamisha kuajiri walimu wapya moja kwa moja. Mwaka huo huo wa 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua ile mipango ya parallel, mwenye karo yake aingie. Ona vile mambo matatu yalikutana ndani ya miaka mitatu tu: unakopa ndio usome, mwajiri mkubwa wa wasomi amefunga mlango, na vyuo vimefungua geti. Miaka 15 baadaye, kufikia 2013, zaidi ya vyuo kumi vikapandishwa hadhi kuwa vyuo vikuu kamili. Karibu kila kaunti ilitaka chuo chake, na wanasiasa wakapigiwa makofi.

Kitu moja tu hakikubadilishwa. Kipimo cha maisha. Kilibaki kile cha msee wa 1975.

Kama unataka kuona pengo lenyewe, chukua namba mbili. Kwa KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ kwenda juu, hiyo ndio alama ya kuingia chuo kikuu. Mwaka huo huo, kwa hesabu ya KNBS, uchumi wa Kenya ulitengeneza kazi mpya kama 782,000. Inasikika poa hadi uambiwe kwamba kazi tisa kati ya kumi zilikuwa za jua kali. Zile za pesilipu, za NSSF na likizo, hazikufika 80,000. Na hizo zinagombaniwa na watu wa mwaka huo, wa mwaka jana, na wa 2015.

Kuna mahali pamoja tu miaka ya kungoja inahesabiwa kama faida, na ni kwa TSC. Fomu yao ya kupima walimu wanaoomba kazi inapea alama kulingana na muda umekaa tangu ufuzu. Ukiwa umekaa sana, unapata alama zaidi. Ni haki, siwezi bisha, mzee wa foleni ahudumiwe kwanza. Lakini hebu fikiria maana yake. Mwalimu wa Kemia anaombea miaka yake ipite haraka, kwa sababu kuzeeka ndio njia yake ya kuajiriwa. Huku nje, kampuni inamwambia ati CV yake iko na shimo la miaka saba.

Halafu hata mlango ukifunguka, unafunguka nusu. Mwaka wa 2023, JSS zilipoanza, maelfu ya walimu wenye digrii waliingia kama maintani kwa 20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Mwaka wa 2024 waligoma na kuandamana, na walimu 46,000 wakaingia kandarasi ya kudumu Januari 2025. Kwa hivyo kuna mtu alivaa gauni akiwa na miaka 24, na pesilipu yake ya kwanza ya maana ikamkuta na 34. Usimuulize mbona hajajenga. Amekuwa kazini mwaka mmoja.

Na usidhani ni walimu pekee. Udaktari ndio ile kozi shosh huombea kila mtoto wa boma. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma siku 56, kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, na moja ya vita kubwa ilikuwa ya maintani. Mkataba wa zamani ulisema intani alipwe kama 206,000. Serikali ikataka kumpa 70,000. Kama msee aliyesoma miaka sita, akakata maiti na kukesha wodini, anaambiwa bei yake imeshuka hadi theluthi, wewe wa BCom ulikuwa unatarajia nini?

Kwa hivyo mimi nikikutana na mtu siulizi aligradueti lini. Nauliza pesilipu ya kwanza iliyoweza kulipa rento ilikuja lini. Hesabu kutoka hapo. Utaona watu wengi unaodhani wamechelewa wako sawa tu, wengine hata wako mbele.

Tatizo ni kwamba ushago hawahesabu hivyo. Ushago siku uligradueti ndio siku uliandikwa kazi. Ng'ombe iliuzwa, harambee ikafanywa, chifu akakuja, na mchungaji akasema mtoto huyu ni wa kijiji kizima. Alimaanisha. Kijiji kizima sasa kiko na namba yako ya simu. Na ukipata kazi, hakuna mtu anajua kwamba 50,000 si 50,000.

Hii hesabu nataka uionyeshe shangazi yako. Mshahara wa 50,000. NSSF inakata 3,000. SHIF ni asilimia 2.75, hiyo ni 1,375. Nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5, hiyo ni 750. PAYE inachukua kama 5,850. Umebaki na kama 39,000. HELB wakichukua hata 4,000, ni 35,000. Toa rento ya bedsita Roysambu ama Umoja, toa mathree kila siku, toa chakula. Halafu mathe anapiga, kwa upole sana, anakuambia ati siste yako amefukuzwa shule. Hakuna mahali kwa hiyo hesabu panaposema "ploti Ruiru". Na ndio maana sishangai vile Juni 2024 barabara za Nairobi zilijaa watu wa miaka 25 wamesoma ule Mswada wa Fedha mstari kwa mstari. Walikuwa wanajua kusoma karatasi. Hicho ndicho chuo kiliwafundisha.

Tuje kwa familia, na hapa ndio mambo hukuwa moto.

Kuna watu wanalia mtandaoni ati vijana wamekataa kuzaa. Tulia kwanza. Mwishoni mwa miaka ya sabini, mwanamke wa Kenya alikuwa anazaa kwa wastani watoto 8. Utafiti wa KDHS wa 2014 ulipata 3.9, na ule wa 2022 ukapata 3.4, mjini ikiwa 2.8. Hii safari imekuwa ikienda chini kwa zaidi ya miaka 40. Shosh yako na mathe yako ndio waliianza, si TikTok.

Kile kimebadilika kwa wasomi wa mjini ni mpangilio. Zamani ilikuwa kazi, halafu ruracio, harusi, mtoto, nyumba. Siku hizi mtoto anaweza kuja kwanza mkiwa mwaka wa nne, halafu mnaanza kukaa pamoja kwa sababu rento moja ni rahisi kuliko mbili, kazi inakuja baada ya miaka sita, na ruracio inafanywa mtoto akiwa darasa la tatu, yeye ndiye amebeba maua. Sioni ubaya wowote hapo. Watu wamepanga maisha yao kulingana na vile doh ilikuja.

Lakini chanuka kwa upande wa sheria, kwa sababu huko kuna shimo. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Kam-wi-stei haiko. Na Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kukaa pamoja miaka mingi peke yake hakutoshi kuwafanya bibi na bwana, ni lazima ionekane mlikuwa na nia ya kuoana. Sasa wewe umekaa na mtu miaka minane, mmenunua ploti pamoja, jina ni lake pekee kwa sababu "yeye ndiye alikuwa na siku ya ofu ya kwenda kwa wakili". Mkiachana, ni wewe utaanza kutafuta risiti za M-Pesa za 2019. Andikisheni majina yote mawili. Na kama mmeshafanya ruracio, ndoa ya kimila inafaa kusajiliwa pia, usiseme mbuzi wanatosha.

Halafu kuna kitu wanaume hatuongei. Jamaa wa miaka 35 bila kazi ya maana anaweza kuhepa. Anasema "bado najipanga", anapigwa bega, anapewa miaka mingine mitano. Dame hapewi hiyo nafasi. Harusi ya binamu anaulizwa, matanga anaulizwa, hadi na mama mboga anaulizwa. Na mwili wake uko na saa yake, haingoji tangazo la TSC.

Ongeza kontrakti. Likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara iko kwa Sheria ya Ajira tangu 2007. Kwa karatasi mambo ni fiti. Lakini madem wengi wenye digrii wako kwa zile kontrakti za miezi mitatu mitatu, ama sita sita, kwa NGO, kwa benki, kwa shule za kibinafsi. Kontrakti ikiisha ukiwa na mimba ya miezi sita, hakuna mtu atakufukuza. Hutaitwa tu tena. Hakuna barua, hakuna kesi, hakuna ushahidi. Beshte yangu mmoja alificha tumbo kwa masweta hadi mwezi wa saba, Nairobi ikiwa na jua la Februari, ndio asainiwe miezi sita mingine. Alisainiwa. Halafu wakajua. Hakuna aliyemwambia neno, simu tu iliacha kulia.

Huyo ndiye mtu mnaita "career woman aliyekataa watoto". Wengine hawakukataa chochote. Walikuwa wanangoja kontrakti yenye likizo ndani.

Na wale wa majuu? Hao ndio wanatutesa kwa stetasi, najua. Theluji, jaketi, gari nyuma. Pesa wanazotuma ni kweli: mwaka wa 2024 Wakenya walio nje walituma karibu dola bilioni 5. Lakini ndani ya hizo dola kuna mwalimu wa Fizikia anasukuma wazee kwa viti vya magurudumu, na mtu wa uhandisi anayelinda mlango wa duka Doha kwa masaa 12. Kazi ni kazi, na wengine wamejenga nayo. Usichukue tu hiyo picha ukaiweka kando ya maisha yako ukaanza kujichukia, kwa sababu picha haionyeshi mtoto aliyeachwa kwa shosh Kakamega akiwa na miaka miwili na sasa anaita shosh "mum".

Hapa kwetu wengine waliacha kungoja. Kuna mtu wa Sheria anauza mitumba Gikomba na hataki tena kusikia kuhusu mahakama. Kuna mhitimu wa Kilimo aliyerudi Kirinyaga kulima mchele, nduthi mbili ziko barabarani zinamletea doh ya kila siku, na ameoa. Huyo kwa grupu hajawahi kuweka picha yoyote, kwa sababu anaona ni aibu kusema ako shambani na alisoma miaka minne. Ukweli ni kwamba kwa darasa lao yeye ni mmoja wa wachache wanaolala bila deni.

Na foleni bado inakuja. Wale 246,391 wa KCSE ya 2024, wengi walioingia vyuo vikuu wameingia chini ya ule mfumo wa ufadhili ulioletwa 2023, ambapo unapimwa hali ya nyumbani kwenu halafu unapewa kiasi cha msaada na kiasi cha mkopo. Wa kozi za miaka minne watavaa gauni 2029. Kufikia 2030, HELB itakuwa imeanza kuwatumia meseji.